Pumzi Tisa za Nyumba ya Pitteri

Fosca Busetto alipanga vifaa vyake juu ya meza ya chakula ya akina Pitteri kwa utaratibu wake wa siku zote: kwanza taulo jeupe, juu yake mizani, kioo cha kukuzia na tochi ya mwanga wa zambarau, na pembeni kitambaa laini cha kulazia sikio. Ilikuwa Novemba. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha yote ya Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, na maji yalikuwa yamepanda tangu alfajiri, yameingia uani na kuibeba ndoo ya vigae vya kioo, ambayo sasa ilikuwa inazungukazunguka kwenye mlango wa stoo kama bata aliyesahau njia.

Gastone Pitteri alikuwa anatoa vyombo vya maua kabatini, kimoja kimoja, akiwa amevaa koti la nyumbani na mabuti ya mpira yaliyofika mapajani.

"Ukiangusha kimoja, dada, mimi najitupa mferejini," alisema.

"Mfereji wenyewe umeshaingia kwako. Utajitupa ukiwa umekaa kitini."

"Cheka tu. Paa si lako."

Paa la nyumba ya Pitteri lilikuwa linavuja katika vyumba vitatu. Tanuru lao lilizimwa siku nyingi. Kilichobaki ni hivyo vyombo tisa, alivyovifanya marehemu baba yake Gastone, fundi mkuu Anzolo Pitteri, katika miaka ya hamsini. Mafundi waliuita mfululizo ule Ukungu. Vilikuwa vya kijivu, vyembamba kuliko ganda la yai, na rangi yake ilikuwa kama inatembea ndani ya kioo ukikitazama muda mrefu. Vilimpa Anzolo medali ya dhahabu kule Milano. Sasa jumba la makumbusho la ng'ambo lilikuwa linavitaka vyote, kwa sharti kwamba kila kimoja kiwe na cheti cha mthamini wa Murano, na katika nyumba za Murano cheti kilichoaminika kuliko vyote kilikuwa cha Fosca. Miaka yote hiyo hakuwahi kuandika uongo juu ya kioo. Juu ya watu, labda.

Alianza na chini, kama ilivyo desturi. Aligeuza chombo cha kwanza na kulitafuta kovu, mahali ambapo fimbo ya chuma ilishika kioo kilipokuwa bado cha moto. Kovu lilikuwa limesagwa vizuri, kwa mkono. Akatazama mikwaruzo ya kitako. Kitako cha kweli huchakaa kila upande, maana mtu anayefuta vumbi hakumbuki jana alisukuma upande gani. Kitako kilichosuguliwa kwa msasa huwa na mistari inayofuatana kama askari. Hivi vilikuwa vya kweli. Akapima uzito, akazima taa, akavimulika kwa tochi, akawasha taa. Gastone alitembea huku na huku, na mabuti yake yalilia kwenye sakafu kama panya.

Mwisho ilibaki kazi ya sikio.

Kioo kilichopulizwa na mtu hubaki na pumzi ya mtu huyo, na jioni baridi inapoanza kushuka huitoa taratibu na kuirudisha, kama mtu aliyelala. Kisiwani hilo si jambo la kusimuliana. Ndiyo maana maduka yanayouzia watalii vyombo vya uongo hufunga mapema. Fosca amewahi kuletewa chombo cha kifahari, chenye nembo ya karatasi ya dhahabu na sahihi ya kuchorwa kwa tindikali, ambacho saa za jioni kilitoa harufu ya bazoka ya minti. Alikirudisha bila maneno mengi. Baba yake, aliyefanya kazi ya usaidizi tanuruni maisha yake yote, ndiye aliyemfundisha kusikiliza. Kwa hiyo aliwajua kwa pumzi watu aliowakuta wameshazikwa: msaidizi aitwaye Nane Scattolin, aliyetafuna karafuu kwa sababu ya jino, na ndugu wawili wa upande wa kaskazini waliopuliza kama watu wanaogombana. Pumzi hizo karibu zote zilikuwa za wasaidizi. Fundi mkuu hukaa kwenye benchi lake, anazungusha bomba na kuunda kioo, na msaidizi hupiga magoti upande wa pili, anapuliza anapoambiwa puliza na anaacha anapoambiwa acha. Kila mtu Murano anajua hivyo, na hakuna cheti chenye nafasi ya kuandika hivyo.

Lakini Ukungu ulikuwa na sifa yake ya pekee. Anzolo, ilisemwa, aliifanya kazi ile peke yake siku za Jumapili, tanuru likiwa tupu, akapuliza mwenyewe na kuunda mwenyewe. Basi Fosca alitegemea kusikia pumzi ya Anzolo, ambayo aliijua kutoka kwenye bakuli moja la kijani: pumzi fupi, yenye makohozi na mluzi kwa ndani.

Alilaza sikio kwenye mdomo wa chombo cha kwanza.

Alikaa hivyo. Halafu akainuka, akafuta sikio, akalilaza tena. Alichukua cha pili, na cha tatu. Gastone aliacha kutembea. Fosca alifika cha tisa, akakiweka juu ya taulo kwa mikono miwili.

"Nipe maji," alisema.

"Kuna kahawa."

"Maji, Gastone."

Alikunywa.

"Aliyepuliza hivi ni mwanamke," alisema. "Mmoja, kwenye vyote tisa. Msichana, mwenye mapafu ambayo sijapata kuyasikia. Na kila pumzi imekatwa mwishoni. Haijaisha. Imekatwa, kama mlango uliofungwa mtu akiwa katikati anapita."

"Ehe," alisema Gastone. "Shangazi Elvira. Mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba ni shangazi. Watu wa zamani walikuwa wanajua. Ila mambo ya familia, dada, mtu hayatangazi gazetini."

Fosca alimjua Elvira Pitteri kama kila mtu alivyomjua, kwa kumwona dirishani. Miaka ile mwanamke hakuruhusiwa kusimama mbele ya mdomo wa tanuru. Wanawake walitunga shanga. Elvira alitunga shanga akiwa amekaa mlangoni na trei magotini, na mwaka fulani akawa bubu. Ilisemwa ni homa ya matumbo. Watu walimsikitikia mwaka mzima, halafu wakamzoea.

"Yuko wapi?"

"Atakuwa wapi? Jikoni."

Jikoni kulikuwa na joto. Elvira Pitteri, mwenye miaka tisini na ushee, alikuwa anasafisha sadini kwa kisu kidogo, akizipanga kwenye sinia tayari kwa vitunguu na siki. Nyuma yake alisimama Liuba, mwanamke wa Moldova aliyekuwa anamtunza, anamchana nywele. Elvira alikuwa amebana vibanio vya nywele midomoni na kumpa Liuba kimoja kimoja. Alimtazama Fosca, akamwonyesha kiti kwa ncha ya kisu.

Fosca alikaa. Alimtazama kifuani. Blauzi ya kikongwe ilikuwa imetulia kama nguo iliyotundikwa kabatini.

"Hapumui," alisema Liuba, akiendelea kuchana. "Tangu kabla mimi sijaja. Mwanzoni nilipata tabu, maana nimezoea kulala nikimsikia mgonjwa wangu. Sasa nimezoea. Na uzuri wake, hakoromi."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari anapima presha. Presha yake nzuri kuliko yangu. Akifika kwenye mapafu anapiga mstari kwenye karatasi, anaendelea na magoti."

Gastone alikuwa ameegemea mlango. Alieleza yote bila kunong'ona, kama mtu anayeeleza kwa nini bomba la maji limepita pale lilipopita. Baba yake alirudi vitani na pafu moja limesinyaa. Alipuliza mara mbili, ya tatu akatema damu kwenye leso. Na fundi mkuu asiyeweza hata kumwonyesha msaidizi pumzi anayoitaka, si fundi tena, ni mtu aliyekaa kwenye benchi. Lakini dada yake alikuwa na mapafu. Alipocheka mlangoni na trei yake ya shanga, watu wa ukingo wa pili wa mfereji waligeuka. Basi Jumapili, wanaume wakiwa misa, Anzolo alimpitisha mlango wa nyuma, ule wa majini, amevaa suruali ya kaka yake na kitambaa kichwani.

"Akapiga magoti," alisema Gastone, "akapuliza. Baba aligundua jambo moja. Mtu akipuliza, mwisho wa pumzi hurudisha kidogo puani, hata hajui. Ule urudishaji ndio unaokifanya kioo kiwe kinene. Pumzi ikitoka nzima, isirudi hata chembe, kioo kinakuwa kama hivyo ulivyoviona. Kwa hiyo alimwekea kibanio."

"Kibanio gani?"

"Cha nguo. Cha mbao. Hivi vya kawaida."

Elvira aliacha kisu, akajibana pua kwa vidole viwili ili Fosca aelewe. Halafu akaendelea na sadini.

"Na mkono," alisema Liuba. "Mwambie na mkono."

"Na mkono mdomoni, bomba likishatoka. Muda kidogo tu, kioo kishike." Gastone alijikuna shingo. "Chombo kimoja, pumzi moja nzima, hairudi. Cha tisa kilipotoka, baba alimwambia haya inuka, tunaanza kingine. Akainuka. Akaweka mdomo kwenye bomba, ikawa hakuna kitu. Basi wakafunga, wakarudi nyumbani, shangazi akapika. Baba alikuwa anasema siku ile alipika vizuri sana."

Fosca alimtazama Elvira akipanga sadini. Katika kazi yake ameona nyufa zilizozibwa kwa gundi, ameona watu wakiuza urithi wa mama yao kabla mama hajafa, lakini hili hajawahi kuliona.

"Naye hakusema kitu," alimwambia Gastone. "Miaka yote hiyo."

"Angesemaje, dada? Hana pumzi."

Sufuria ya vitunguu ilianza kulia. Liuba alienda kuupunguza moto. Aliporudi, Elvira alikuwa ameshamgeukia Fosca. Alielekeza kidole kwenye chumba cha chakula, kwenye vyombo. Akagusa midomo yake. Kisha akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho, akabaki hivyo, uso wake umetulia sana, na vibanio vya nywele bado viko midomoni.

"Anaomba kufa," alisema Liuba. "Akija mgeni mwenye sura ya akili anamwomba. Umeona, mama, mtu akitaka kufa lazima awe na pumzi ya mwisho. Yeye hana hata ya kwanza. Wenzake wote wameenda, hata wale wadogo zake. Amechoka. Kikivunjwa kimoja, kimoja tu, anavuta, anaitoa, basi."

"Na wewe unajua hili," Fosca alimwambia Gastone.

"Nalijua, tumelizungumza. Nimemwambia baada ya mauzo."

"Baada ya mauzo vyombo vitakuwa ng'ambo."

"Ndiyo ugumu wenyewe," alisema Gastone. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayelala na ndoo tatu za kukingia mvua. "Wanataka tisa, dada. Kundi zima. Nikiwaambia viko vinane watasema kwaheri, na hapo shangazi atakuwa amekufa chini ya paa bovu na mimi nitabaki chini yake. Namwonea huruma. Namnunulia dawa za magoti. Lakini mtu aliyesubiri muda wote huo..."

Elvira alikuwa amefumbua macho, anawasikiliza kwa adabu.

Fosca alirudi chumba cha chakula. Alikaa mbele ya vile vyombo, navyo vilikuwa vinapumua, vyote kwa pamoja, maana jioni ilikuwa inashuka: pumzi za msichana mmoja, tisa, kila moja inapanda hadi pale pale na kukatwa pale pale. Sasa alijua sauti ile ya mwisho ni nini. Ni mbao ya kibanio. Aliweka viganja masikioni akaviondoa mara moja, kwa aibu.

Kuna desturi moja Murano ambayo haijaandikwa popote na haivunjwi na mtu. Mthamini akisema kitu ni bandia, mwenye kitu hukivunja siku hiyo hiyo, kwa mkono wake, mbele ya mthamini na shahidi mmoja, na vigae hurudi kwenye ndoo ya kuyeyushwa. Nyumba inayobaki na kitu kilichotajwa kuwa bandia haiuzi tena hata kijiko. Gastone alizaliwa ndani ya desturi hiyo kama alivyozaliwa ndani ya maji yanayopanda.

Fosca alivitazama vyote, akachagua. Alichagua kile kidogo kuliko vyote, kilichoinama kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni. Aliona hasara yake itakuwa ndogo. Akamwita Gastone.

"Hiki ni feki," alisema.

Gastone alitazama chombo, akamtazama yeye.

"Si umesema vyote tisa."

"Nilikosea. Tazama kitako. Msasa."

"Sioni."

"Huoni kwa sababu si kazi yako. Baba yako alivunja kimoja akakificha, akaagiza kingine kijaze pengo. Si fundi wa kwanza."

Hilo lilimwingia Gastone, maana lilifanana na baba yake. Alikaa akashika kichwa. Baadaye kidogo akauliza, bila kuinua uso, kama hakuna namna nyingine. Fosca akasema desturi ni desturi, na Gastone anaijua.

"Uani maji tele," alisema Gastone.

"Jikoni, basi. Liuba atakuwa shahidi."

Waliingia jikoni na kumkuta Liuba ameshatandika kitambaa cheupe mezani. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amemvalisha Elvira blauzi nyeusi ya Pasaka, amemfunga nywele, amemkalisha karibu kabisa na meza. Dirisha lilikuwa wazi, ukungu unaingia. Mshumaa ulikuwa unawaka.

"Mshumaa wa nini?" aliuliza Gastone.

"Taa ya huku hafifu."

"Na dirisha?"

"Harufu ya samaki, bwana. Vunja, chakula kinapoa."

Gastone alichukua chuma cha kuchochea moto. Aliinua, akashusha, akainua tena. Fosca alimtazama Elvira. Elvira alikuwa anakitazama chombo, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Fosca hakukielewa wakati ule, akakidhani ni woga.

Chuma kilishuka. Kioo kilikuwa chembamba mno, hakikulia kama kioo, kilitoa sauti ya karatasi. Na pumzi ikatoka. Ilikuwa ya uvuguvugu, yenye harufu ya kuni na uzi wa shanga na kahawa ya shayiri ya miaka ya shida, na ulimi wa mshumaa ukalala upande mmoja. Elvira aliinama juu ya vigae, akafungua mdomo, akaivuta yote.

Kifua kilipanda. Vifungo vya blauzi vilikaza. Rangi ilimpanda shingoni, ikafika mashavuni. Liuba alipiga ishara ya msalaba kwa namna ya kwao, bega la kulia kwanza. Fosca alishika ukingo wa meza akasubiri, na moyoni mwake alikuwa ameanza kumuaga.

Elvira aliishikilia pumzi. Aliishikilia kama mtu aliyefunzwa kushikilia. Alitazama vigae, akakigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Halafu akamgeukia Fosca, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana, safi, ya kuvuka mfereji.

"Hiki si feki. Hiki ndicho kilichonitoka vizuri kuliko vyote, mjinga we."

Pumzi iliishia kwenye maneno hayo; ya kufia haikubaki. Kifua kilishuka, blauzi ikatulia. Walimtazama. Elvira alibaki ameketi wima, macho wazi, kama alivyokuwa jana na juzi. Baadaye kidogo alisogeza vigae kando kwa upande wa kiganja na kuomba sinia la sadini kwa kidole.

Fosca hakuweza kupumua, na kwa muda yeye na yule kikongwe walikuwa sawa. Liuba alifunga dirisha. Akazima mshumaa kwa vidole.

"Kwa hiyo si feki," alisema Gastone.

"Amesema *kilichonitoka*," alisema Fosca. "Umemsikia. Amesema ni chake."

"Nimemsikia."

"Mbele ya shahidi."

"Nimemsikia, dada. Amechoka, ana miaka yake." Bado alikuwa ameshika chuma. "Kitu halisi cha baba yangu. Nimekivunja mwenyewe, na chuma cha jiko."

Alitoka kwenda kuwapigia simu watu wa makumbusho. Kupitia ukutani walimsikia akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Aliporudi uso wake ulikuwa mwepesi.

"Wamesema vinane pia vinatosha," alisema. "Kabati lao lenyewe, kumbe, lina nafasi nane." Alifikiri. "Ningewauliza mapema." Kisha akaenda kumwaga ndoo za mvua.

Fosca alivuta kiti karibu na Elvira. Aliongea kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na wa kumficha isipokuwa Liuba, na Liuba hafichwi kitu.

"Bi Elvira, nisamehe. Sikujua. Lakini viko vingine vinane kule. Naweza kuona msasa kwenye kimoja. Kibaya kabisa, unichagulie mwenyewe. Nitasema leo leo, atavunja, na safari hii utavuta, utatoa taratibu, utapumzika."

Mkono wa Elvira ulikuja haraka kuliko Fosca alivyotegemea. Ulimshika kifundo cha mkono, na magamba ya sadini yakamgandia. Ulikuwa mkono wenye nguvu. Elvira alimtazama na kutikisa kidole cha mkono wa pili mbele ya pua yake, mara moja, polepole, kama mtu anayemkanya mtoto kwenye jiko la moto.

"Anasema hakuna kibaya," alisema Liuba. "Anasema usithubutu kukiita feki hata kimoja."

"Lakini hawezi kufa."

"Anajua."

Elvira aliuachia mkono na kuchukua sadini.

Vyeti viliandikwa wiki ile. Vina nafasi ya jina la nyumba, mwaka, na fundi mkuu. Chini, pembezoni, Fosca aliongeza kwa wino ule ule: pumzi ya Elvira Pitteri. Vyeti vilirudi kabla ya Krismasi, vyote vinane, na barua fupi yenye heshima iliyosema kwamba mistari ya ziada haina mahali pa kuingia, tafadhali vitumwe visafi. Fosca aliviandika upya. Alikuwa na sababu mbili tatu, zote nzuri, na alizisahau kabla boti ya abiria iliyompeleka posta haijafika kituo cha kisiwa cha makaburi. Vyombo vilifungwa ndani ya majani makavu, na wapakiaji waliosimama karibu na makreti jioni walishusha sauti, kama watu wanavyofanya karibu na anayelala.

Paa lilitengenezwa kabla ya masika. Fosca alipopita kuwasalimu, Gastone alimwonyesha picha kwenye simu. Kabati la kioo lilikuwa refu, lina taa kwa chini, na vyombo vinane vilikuwa vimepangwa mstari. Mbele yake palikuwa na kibao: *Anzolo Pitteri, fundi mkuu wa Murano. Wageni wanaombwa watege sikio. Pumzi ya fundi bado imo.* Mtoto mmoja pichani alikuwa amelaza shavu kwenye tundu la kusikilizia, amefumba macho.

"Nao wameweka vizuri," alisema Gastone. "Shangazi, umeona?"

Elvira alifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akaichukua simu. Liuba alikuwa amemfundisha kukuza picha kwa vidole. Alitazama kibao. Alikikuza mpaka jina la kaka yake likajaza simu nzima. Halafu alikisogeza pembeni, akapita chombo kimoja kimoja kutoka mwanzo, akasimama kwenye cha tatu. Aligonga kioo cha simu kwa ukucha. Akageuza kiganja chake, mara mbili, akionyesha.

Gastone aliinama atazame.

"Ni kweli," alisema. "Wamekigeuza. Upande wake mzuri unatazama ukutani."

Aliwaandikia pale pale, akiwa amesimama, shangazi yake anamsimamia begani. Walijibu siku ile ile, wakashukuru sana, wakakigeuza.